Aliyeniuliza Mimi ni wa Nani

Mwanangu, kuna Jumamosi moja pale Katoro ninayoikumbuka kuliko siku ya harusi yangu.

Nilikuwa binti mbichi, nimetoka Masumbwe kumsaidia shangazi, Mama Kulwa, kuuza chai na chapati karibu na makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Kila kitu pale kilikuwa na vumbi, vikombe mpaka kope. Kisha akaja Sospeter, mnunuzi wa dhahabu, shati jeupe lisilo na doa.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimu kwa Kisukuma. "Wewe ni wa nani?"

Kwetu hilo si swali la udaku. Mkubwa akikuuliza hivyo unamtajia baba, babu, ukoo na kijiji. Kukaa kimya ni utovu wa adabu. Nikataja vyote. Nikaongeza na ambayo hakuyauliza: kwamba mama amefariki, kwamba baba ameoa tena na hapigi simu.

Akawa anakuja kila asubuhi. Hakunigusa hata kidole. Alinitazama nikisukuma chapati, halafu anasema taratibu, "Leo umemkumbuka mama yako." Na kweli nilikuwa nimemkumbuka. Nywele zilinisimama, na bado kesho yake nilijikuta nachungulia barabarani, namngoja. Aliniambia Doto, binti wa shangazi, ananicheka; nikaacha kuongea na Doto. Aliniambia shangazi ananitumikisha. Nikaanza kumjibu shangazi kwa mkato. Kidogo kidogo nikabaki naye peke yake.

Mwishowe akasema tuondoke Jumamosi, kuna machimbo mapya porini, nitapika huko kwa raha zangu. "Usimuage mtu. Watakuonea wivu."

Doto ndiye aliyeliona begi langu chini ya meza. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Haya, na yeye ni wa nani?"

Sikujua hata jina la baba yake. Muda wote ule salamu ilikuwa imekwenda upande mmoja.

Jumamosi hiyo gari lake liliposimama, nikamwendea mikono mitupu.

"Begi liko wapi?"

"Shikamoo," nikasema, nikipaza sauti kuyashinda makarasha. "Wewe ni wa nani? Baba yako nani? Kwenu wapi?"

Shangazi akaacha kukaanga. Vijana wa bodaboda wakageuka. "Jibu, mzee!" mmoja akadakia. "Au ulidondoka na mvua?" Wakacheka.

Yeye hakucheka. Uso wake ulikuwa kama nyumba iliyohamwa. Akapandisha kioo, akaenda zake, hatukumwona tena. Nami nililia mchana kutwa kwa kumkosa. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo: nilikwisha kuona alivyo, na bado nilimtamani.

Basi sikiliza, mwanangu. Heshima usiiache, wakubwa wasalimie, ukoo wako utaje. Lakini anayetaka kukujua wewe wote huku yeye hajulikani, mwulize na yeye, tena mbele za watu. Siku hizi watu kama yeye wanapitia kwenye simu, wapole vilevile. Na moyo ukikuvuta kwa mtu unayemwogopa, usisubiri upoe ndipo uje kwangu. Njoo ukiwa bado unavutwa. Sitakucheka.

Mungu akuzungushie watu wanaokujua nawe unawajua, na popote utakapolala, pawepo mtu wako anayejua ulipo.