Mtaro wa Mabango Mawili

Nakumbuka asubuhi moja ya umuganda, ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi ambapo mtaa mzima hutoka kufanya kazi ya pamoja. Watu wa Gisozi tulikuwa tumeshika majembe na makoleo, nami nimesimama nyuma ya umati nikimtazama Kalisa akipigiwa makofi. Mwanangu, mikono yangu mimi ilibaki kwenye mpini wa jembe. Juzi umekuja kwangu umenuna kwa sababu jina la kampuni ya mwenzako limetangulizwa mbele ya la kampuni yako katika kazi ya kujitolea ya kuijenga upya zahanati, ukaniambia bora ufanye ya kwako peke yako. Keti hapa. Ugonjwa wako naujua, niliugua nikiwa na umri kama wako.

Kalisa alikuwa rafiki yangu. Tulijifunza useremala kwa fundi mmoja tukiwa bado Tanzania, tukarudi Rwanda pamoja, tukafungua karakana zetu Gisozi ukuta kwa ukuta, mimi na vitanda, yeye na makabati. Mwanzoni tuliazimana hata misumari. Kisha kazi yake ikakua. Akanunua mashine ya kuranda, na kila ilipounguruma niliona kama inanisema mimi. Akaanza kuvaa shati jeupe kazini, seremala mzima, na vumbi halimshiki! Mteja akiingia kwake nilimsindikiza kwa macho hadi mlangoni. Mke wangu aliniambia, "Wewe siku hizi huli chakula, unamla Kalisa."

Chini ya karakana zetu, pale mlima unapoteremka, aliishi mjane mmoja mzee, Mukecuru Verediana, yaani Bibi Verediana, katika nyumba ya matofali ya udongo. Kila mvua iliponyesha, maji yalisomba maranda na vipande vya mbao kutoka kwetu na kuvimwaga uani kwake. Uchafu ule haukuwa wake. Ulikuwa wa sisi tuliokuwa tukipata riziki pale juu.

Siku ile baada ya umuganda, kwenye mkutano, kiongozi wa umudugudu, yaani kijiji chetu, aliuliza nani atasaidia kujenga mtaro wa mawe, upeleke maji korongoni kabla nyumba ya mama yule haijaanguka. Kalisa akanyoosha mkono. "Mimi natoa mawe na sementi," akasema. "Wenzangu mukuje tusaidiane. Hii uchafu iko yetu sote."

Ndipo wakapiga makofi. Mgala muue na haki yake mpe, lilikuwa neno zuri, na mtu mwenye moyo safi angelifurahia. Mafundi wa kuchomelea wakaahidi vyuma, wenye magari wakaahidi mchanga, akina mama washona makochi wakaahidi kusomba maji. Mimi nilisikia jambo moja tu, kwamba mtaro ule utaitwa mtaro wa Kalisa.

Nikasimama na kusema kwa sauti ya mtu mkarimu, "Kalisa ajenge upande wa juu mpaka kwenye njia inayokatiza mteremko. Kutoka njiani mpaka korongoni nitajenga mimi, na vijana wangu." Kiongozi akanishukuru. Hakuona kilichokuwa ndani yangu.

Nilijenga vizuri, sitajidharau. Lakini kabla hata jiwe la kwanza halijakaa, nilikuwa nimeshachora bango lenye jina la karakana yangu kwa rangi nyekundu. Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Mimi nilitenda nikabaki palepale napiga rangi. Kalisa alipoliona, naye akachora la kwake, kubwa zaidi. Wivu huambukiza, mwanangu. Mabango yakasimama kila upande wa njia, yanatazamana kama majogoo.

Na ile njia yenyewe? Mtaro wa Kalisa uliishia ukingo wake wa juu, wangu ukaanzia ukingo wa chini. Katikati palibaki udongo mtupu. Usidhani sikupaona. Nilipaona kila nilipopita, nikasema moyoni, aliyeanza na amalize, kwa nini niweke jiwe langu mahali ambapo watu watasema ni pa Kalisa? Naye, kama alivyoniambia baadaye, alikuwa akisema moyoni kwamba mimi niliyeitaja njia ndiye nitakayeishughulikia.

Verediana alikuwa akitupikia mahindi na maharage, chungu kimoja, akiwagawia vijana wangu na wa Kalisa bila kubagua. Siku moja aliniuliza, "Mwana wangu, na hapa kwa njia, nani atajenga?"

Nikamjibu, "Muulize Kalisa."

Mama wa watu akapanda mlima na fimbo yake. Baada ya muda akashuka tena, anahema. "Kalisa anasema nikuulize wewe," akasema. Nikacheka. Naam, nilicheka, kisha nikaendelea kula maharage yake.

Mvua kubwa ikaja alasiri moja. Mtaro wa Kalisa ulikuwa mzuri, basi maji yakateremka kwa kasi kuliko zamani, yakafika njiani na kukosa pa kupita. Maranda yakarundikana pale, maji yakageuka upande, yakaenda moja kwa moja kwenye ukuta wa chumba cha Verediana. Mungu alimhurumia, alikuwa amekwenda kwa jirani. Aliporudi alikuta kitanda chake kimelala chini ya matofali. Mtaro wangu, mwanangu, ulikuwa mkavu kabisa, na bango lake linang'aa.

Sasa nakwambia jambo ambalo hata mke wangu sikumwambia. Nilipouona ukuta ule umelala, wazo langu la kwanza halikuwa la yule mama. Niliwaza hivi: leo watasema maji ya Kalisa ndiyo yamebomoa. Nikahisi utamu. Kitambo kidogo tu, lakini niliuhisi, na mpaka leo nikiukumbuka nauma meno.

Kesho yake nikatoka na kitanda kipya, kitanda changu bora, mimi na kijana mmoja tumekibeba, nataka niwe wa kwanza kufika. Njiani nikamwona Kalisa na godoro kichwani. Nikaongeza mwendo. Naye akaongeza! Watu wazima wawili, wenye wake na watoto, tunakimbizana kwenye matope kwenda kutoa pole.

Verediana alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya magofu yake. Hakututazama vitu, alitutazama nyuso.

"Hii maji yenye imevunja nyumba yangu," akasema taratibu, "iko ya nani? Iko ya Kalisa, ama iko yako?"

Tukaweka mizigo yetu chini.

"Sitaki kitanda, sitaki godoro. Nitaviweka wapi, na ukuta iko chini? Muende muongee kwanza, ninyi wawili. Mukimaliza kuongea, mukuje."

Tukaenda tukasimama pale njiani, kila mmoja chini ya bango lake. Kalisa akasema, "Nilikuwa nangoja uniulize." Nikamwambia, "Na mimi nilikuwa nangoja wewe." Tukang'oa mabango. Mbao zenyewe zilikuwa nzuri, tukazipanga ziwe ukuta wa kumwagia zege, tukaupitisha mtaro chini ya njia na kuuunganisha. Karakana zote zikatoa mtu, umudugudu mzima ukateremka, na nyumba ya Verediana ikasimama tena. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi tuliujenga kwelikweli. Shati jeupe la Kalisa lilipata tope siku ile, nami sitakuficha, hilo nalo lilinifurahisha kidogo.

Leo Kalisa ana duka kubwa la samani mtaa wa Remera, vioo kutoka chini hadi juu. Nikipita pale na basi, wivu bado hunikuna. Haukufa. Ila tangu siku ile nimeunyima nyundo. Siuachi ujenge kitu chochote.

Basi sikia, mwanangu. Kampuni yako inakula kutoka kwenye milima hii, kwa barabara za watu, kwa maji ya watu, kwa jasho la watu, na uchafu wake unateremka kwa mtu fulani. Una deni kwao, wala hutalilipa peke yako, kwani kidole kimoja hakivunji chawa. Kesho, kabla hujaenda zahanati, nenda ofisini kwa yule mwenzako unayemwonea kijicho. Usimuulize jina la nani litatangulia. Muulize, "Wewe unaishia wapi?" Kisha anzia hapohapo, usiache hata upana wa njia. Na wagonjwa wenyewe uwasikilize, wasipandishwe na kuteremshwa mlima kutafuta jibu kwenu.

Mungu akupe mali, na akupe jirani wa kukutangulia. Moyo ukikuuma kwa ajili yake, akupe miguu ya kumwendea. Na kila utakachojenga, maji yapite salama, na mama wa watu alale.