Siku Shangazi Mave Alipomwimba Mtu Aliye Hai

Nilipokuwa mtoto hapa Bunia, katika miaka ya sabini, matanga yasiyo na sauti ya shangazi Mave yalihesabiwa nusu. Watu walimfuata kutoka Djugu na Irumu aje kuwaimbia maiti wao. Aliimba bila ngoma, mkono sikioni, akieleza marehemu alilima wapi, alimpenda nani, amewaacha akina nani.

Kisha mfanyabiashara mmoja wa mtaani kwetu, tuliyemwita Patron, akamgonga Ngabu kwa lori, akamuua. Ngabu alikuwa mtoto wa pekee wa shangazi. Patron alikuwa amelewa na watu walimwona. Asubuhi alikamatwa, jioni alikuwa barazani kwake, anakunywa bia na mkubwa wa majandarme, askari walewale waliomkamata.

Koko, mama yake shangazi, alijua binti yake anawaza nini.

“Mave, usiite jina ya mutu iko muzima mu nyimbo ya matanga. Itamufunga, lakini sauti yako itaenda naye.”

“Iende, mama,” shangazi akajibu.

Kaburini hakuimba hata neno. Tulipomaliza kufukia, alielekea moja kwa moja kwa Patron, siye wote nyuma yake, jua likiwa kali. Patron alitoka na glasi mkononi, anacheka. Shangazi akaweka mkono sikioni, akamwimba kama maiti: jina lake, jina la mama aliyemzaa, duka lake, na njia aliyomwagia damu ya Ngabu. Wanawake wakaitikia kwa kilio. Patron akaacha kucheka.

“Munyamazishe huyu mama,” alisema.

Hakuna aliyesogea.

Patron hakuumwa hata kichwa. Lakini nani angenunua chumvi kwa mtu aliyekwisha kuliliwa? Wapakiaji wake waliacha kazi, mke akarudi kwao. Mahindi yalipovunwa, Patron alifunga duka akahama, na hatukumwona tena.

Shangazi naye sauti ilikatika wiki ileile, ukabaki mnong’ono tu. Koko alipofariki, miaka ya themanini, tulimzika kimya. Tukiwa njiani kurudi nilimuuliza shangazi kama anajuta.

“Hapana,” alininong’oneza. “Angekuwa anacheka mpaka leo.”

Sasa mimi ni mtu mzima, mtu wa kanisa. Najua woga wa majirani unatosha kufunga duka, na koo la mama aliyefiwa linaweza kuharibika kwa kulia tu. Hata hivyo, nikipita pale duka lilipokuwa, nafurahi kuona halipo. Sijawahi kumwomba Mungu aniondolee furaha hiyo.