Besi ya Pikipiki ya Mdogo Wake

Kijicho kilimkaa fundi spika tangu siku mdogo wake aliponunua pikipiki kubwa ya safari, yenye masanduku ubavuni na kiti kama kochi. Yeye, kaka mtu, bado anakanyaga baiskeli! Sasa dogo kamletea amplifaya mpya na spika mbili. "Kaka, nifungie. Nataka nisikie muziki hata nikiwa kasi."

Fundi alifunga kila kitu vizuri. Mwishoni roho mbaya ikamzidi, akageuza nyaya za spika moja, chanya ikakaa mahali pa hasi. Spika zikawa zinapingana, besi ikafa. Dogo, asiyejua besi wala bati, aliwasha muziki, akacheka hadi jino la mwisho, akaondoka.

"Haya, katambe," fundi akajisemea.

Jumapili dogo akarudi na wenzake sita, wote na mapikipiki yao makubwa na spika mpya kwenye maboksi.

"Huyu ndiye kaka yangu," akatangaza kwa majivuno, akafungulia sauti hadi mwisho. "Hakuna fundi kama yeye. Sikilizeni wenyewe!"

Wakasikiliza. Wakatazamana. Kisha, mmoja mmoja, wakavaa helmeti zao.