Kuna Mtu?

Fundi wa mitambo ya ofisi huongea na kompyuta zake, utadhani mama anayegawia watoto chakula: "Wewe mpokee huyu. Na wewe, acha uvivu!" Wafanyakazi wote huandika anwani moja tu ya mtandao; yeye ndiye anayeiunganisha na kompyuta kubwa tatu katika chumba chake cha kazi, zigawane mzigo. Akimaliza, huingia kwenye ukumbi wa mazungumzo wa ofisi mtandaoni na kuandika, "Kuna mtu?" Kisha husogeza kiti hadi kompyuta ya pembeni, akajijibu mwenyewe: "Nipo."

Leo, kabla kiti hakijasogea, dada wa mapokezi akajibu kutoka ghorofa ya chini: "Nipo. Nani mwenzangu?" Fundi akatabasamu, akaandika jina lake, akalifuta. "Samahani dada, najaribu mitambo tu."

"Haya," dada akajibu, akatoka ukumbini. Fundi akabaki akiitazama ile "Nipo" ambayo hakuiandika yeye.