Wimbo wa Kuingilia Ukumbini

Mjukuu wangu wa kwanza alifanyiwa sendofu Ipogolo mwaka jana, kuagwa kabla ya kuolewa. Nilitoka Rujewa na gunia la mchele wangu mwenyewe, uliokobolewa kwenye mashine yangu mwenyewe. Nasema mwenyewe kwa sababu nilianza kwa kupepeta pumba za watu. Darasa la pili niliacha njiani, na hakuna aliyenishika mkono.

Nikamkuta saluni, keshapambwa. Nikaguna.

"Bibi, sijapendeza?"

"Umependeza. Ila uso wa mwingine, mikono yangu."

Maana huyu mtoto ni mweusi kama mimi, na mimi ni ule weusi wa kuitwa chungu. Nilipokuwa msichana kule Igowole, Mufindi, wenzangu walikuwa wakinipigia kelele, "Chungu, usiguse unga!" Nacheka nao, nikifika nyumbani nasugua mashavu kwa jiwe la miguu mpaka yanawasha. Sasa mpambaji alikuwa amempaka mjukuu wangu poda nyeupe, ikaishia shingoni kama alama ya mafuriko ukutani.

"Wakwe zangu wote weupe, bibi," akaninong'oneza. "Kwenye picha nitaonekana kivuli."

Simu yake ilikuwa inapiga wimbo aliouchagua wa kuingilia ukumbini, anaurudia asije akakosea hatua. Umejaa Kiingereza.

"Hebu mke mwenzangu, nitafsirie. Mimi na shule tulikataana."

Akaanza harakaharaka: dada anayeimba anajisifia weusi wake, nywele zake za kipilipili, Afrika yake, bibi zake waliomtangulia. Alipofika kwenye bibi akapunguza mwendo. Akanitazama, akajitazama kwenye kioo.

"Endelea."

"Anasema akizaliwa tena, ataomba rangi hii hii."

"Na wewe utaingia na wimbo huo, na uso huo?"

Mpambaji akadakia, "Bibi jamani, nimehangaika tangu asubuhi!"

"Kazi yako nzuri, mwanangu. Umekosea mtu tu."

Aliyecheka kwanza ni mjukuu mwenyewe. Akaomba maji, akanawa. Yule mpambaji, namshukuru mpaka leo, hakununa. Alichanganya rangi upya, na safari hii akawa anaipimia kwenye shavu langu. Shavu lile lile la jiwe.

Ukumbini spika zikalia. Akaingia anang'aa kama chungu kipya kilichopakwa mafuta, na wakwe wakawa wa kwanza kupiga vigelegele. Katikati ya wimbo akawaacha wenzake waliokuwa wakimsindikiza kwa kucheza, akaja kuniinua kwenye kiti. Hatua zao sizijui. Nikacheza za kwetu Mufindi, kwa nguvu, na sikumwomba mtu radhi.

Yule dada mwimbaji hanijui. Watu wamenisifia mchele, wamenisifia mashine. Rangi yangu hakuna aliyewahi kuisifia hata chumbani, sembuse kwenye spika, mbele ya wakwe. Mungu amtunzie koo lake.