Uzio Ulioliwa na Mbuzi

Kaluki wa Ikutha hakuwa mtu wa kelele, ila akishika jambo, limeshikika. Ile njaa ya themanini na nne ilipopita, kilima cha kijiji kilibaki kipara. Yeye ndiye aliyewaita akina mama wa mwethya, kikundi chao cha kusaidiana kazi, wakapanda mikau, miti ya mbao inayostahimili ukame, huko juu bila kulipwa hata ndururu.

Wenye mifugo waliponung'unikia malisho yao, naibu wa chifu akakata maneno barazani: "Mvua ikikuta miti hai, kilima ni cha miti. Ikikuta imekufa, malisho yarudi."

Mzee Musembi, mwenye mbuzi wengi kuliko wote, akamgeukia Kaluki, akacheka. "Mke wa Mutunga, mbuzi wangu hawajui mambo ya baraza."

"Watajua miiba, mzee."

Wakakata matawi ya mgunga, wakazungushia kila mche. Lakini haraka haina baraka. Matawi yalikuwa yamejaa maganda ya mbegu, na mbuzi kwa maganda ya mgunga ni kama mtoto kwa muwa. Kesho yake wakakuta mbuzi wamekula uzio kwanza, kisha wakashushia na majani ya mikau.

"Tumewapikia karamu!" Syombua, mmoja wa akina mama, akasema, machozi na kicheko pamoja. "Bado chai tu."

Wengine wakaokota majembe waende nyumbani. Kaluki akachuchumaa, akakwaruza shina kwa ukucha. Bichi. Litachipua. Halafu akaona mche mmoja mzima, majani yote yapo. Mbuzi walikuwa wamelala hapo, wakauchafua kwa mavi.

Akasimama. "Syombua, lete karai. Twende kwa Musembi."

Mzee alifurahi kufagiliwa boma bure. "Chukueni yote, mama zangu! Shamba litashukuru."

Wakakoroga mavi na maji waliyochota kwenye mchanga wa mto, wakapaka kila chipukizi kwa ufagio. Mbuzi wakaja, wakanusa, wakapiga chafya, wakageuka. Siku nenda siku rudi, akina mama wakipaka, mbuzi wakigeuka.

Mvua iliponyesha, naibu alipanda kilima na wazee nyuma yake. Mikau ilikuwa imefika magotini, inameta.

"Kilima ni cha miti," akasema.

Musembi akainama, akanusa jani. "Haki ya Mungu! Mmenishinda kwa mavi ya mbuzi wangu mwenyewe?"

"Na boma tulikufagilia, mzee," Kaluki akamjibu.

Kisha yule asiye na kelele akapiga kigelegele, kikasikika mpaka sokoni.