Mikono Arobaini ya Kushoto

Mama mdogo wangu ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa karakana yetu ya ushonaji, na kama kuna mtu aliyewahi kupita pale bila kubandikwa neno, basi alipitia dirishani. Tajiri wetu ana mkono wa birika. Mama mdogo alituonya kwamba akikukaribisha chai, njoo na sukari yako. Mtia vifungo ni bingwa wa uongo, kwa hiyo ukimwuliza saa, katazame na wewe mwenyewe. Mimi mchelewaji, eti hata kivuli changu hunitangulia kazini. Tulivunjika mbavu, maana hakuwa anakosea, na anayesemwa leo alijua kesho ni zamu ya mwingine.

Ila kwa mpiga pasi zamu haikuhama. Alikuwa binti mpole, na wiki yake ya kwanza alisahau pasi juu ya suruali ya mteja. Kosa moja tu, jamani. Mama mdogo akasema huyo ana kichwa cha panzi, na tangu hapo akawa Panzi. Sindano ikipotea, Panzi. Mkasi usipoonekana, muulizeni Panzi, kama anakumbuka alikoacha kichwa. Hivyo kwa miaka mitatu. Mimi nilicheka kuliko wote, na nikikumbuka najiona mtu wa hovyo.

Ikaja kazi ya hoteli: makoti ishirini, kitambaa cha kung'aa upande mmoja. Kitambaa cha namna hiyo hukunjwa uso kwa uso, ili kila ukikata mkono wa kushoto upate na wa kulia. Hata mwanafunzi wa wiki mbili anajua hilo. Siku ya kukata, mama mdogo alitandika kitambaa na kukikata mwenyewe huku akimwigiza Panzi anavyotafuta kitu alichokishika, nasi tumeshika matumbo. Panzi alikuwa kwenye meza ya pasi, ametugeuzia mgongo.

Siku mbili baadaye nikaunga mkono wa kushoto wa koti la kwanza, nikachukua mwingine niuweke kulia. Ukakataa kukaa. Nikajaribu wa tatu, wa nne. Nikaipanga yote mezani. Tulikuwa na mikono arobaini, yote ya kushoto.

Tajiri hakupiga kelele, na hilo lilitutisha zaidi. Alisema kitambaa kile hakipo tena dukani, hoteli wanataka makoti Ijumaa, na aliyeharibu akusanye vitu vyake aende. Akauliza ni nani. Nilimtazama mama mdogo. Mdomo ule usiokosa jibu ulikuwa umefungwa, naye anakunja na kukunjua utepe wa kupimia. Nami niliyekulia nyumbani kwake nikanyamaza.

Ndipo Panzi akaisimamisha pasi, akasema, "Labda ni mimi. Sikumbuki kutandika, lakini si mnakijua kichwa changu."

Hakuwa anamwokoa mtu. Ningeliona hilo machoni mwake. Binti wa watu aliamini kabisa kwamba amekata mikono arobaini kisha akasahau.

Mama mdogo akauweka utepe mezani. "Si yeye," akasema. "Nimetandika mimi, nimekata mimi. Nilikuwa nafanya mzaha."

Tajiri akasema miaka kumi na tisa ya kazi ndiyo inayombakiza, lakini mkasi wa kukatia amkabidhi mshona kola, na cheo kiende naye. Mama mdogo akautoa. Kila mmoja wetu alikuwa na la kumrushia, tena alitufundisha mwenyewe, lakini hakuna aliyelitoa.

Tulipokuwa tunafunga, alimwendea Panzi mbele yetu, akamwomba radhi kwa maneno ya kawaida. Panzi alimwambia yamekwisha, mama, asijisumbue. Kisha akanifuata mpaka mlangoni, akangoja wengine wapite.

"Dada," akaninong'oneza, "una hakika si mimi?"